Ufa umetoka dirishani mpaka kwenye msingi, fundi anataka achimbe nyumba nzima. Nimruhusu?

Kitasa Kibovu (14 Aprili)

Wakuu habari za jioni, mnivumilie uzi ni mrefu kidogo.

Nyumba ni ya marehemu mzee, iko Kibaha, alijenga 2008 tukahamia 2009. Vyumba vitatu na sebule, tofali za block inchi 6, msingi wa tofali za kulaza, juu yake mkanda wa zege ndo likaja jamvi (zege la sakafu). Miaka yote haikuwa na shida ya maana, vile vinyufa vya lipu tu ambavyo kila nyumba inavyo. Sasa toka mwaka juzi kona ya nyuma upande wa bafu kumetokea ufa, umeanzia pembe ya chini ya dirisha la chumba cha mama, unashuka ngazi ngazi kufuata majointi ya tofali mpaka umeingia kwenye msingi wenyewe. Tuliziba na saruji, ukarudi palepale, tukaziba tena, ukarudi na mdogo wake pembeni.

Masika hii ndo imekuwa balaa. Pale juu dirishani hata ukucha hauingii ila kule chini karibu na ardhi sarafu ya mia mbili inaingia na kucheza. Mlango wa chumba cha mama nao una visa vyake, mwaka jana mwezi wa nne ulikwama tukamwita mtu akaurandisha, kufika mwezi wa tisa umelegea mpaka upepo ukivuma unagonga usiku kucha, sasa hivi umekwama tena. Na kuta za bafu huku chini rangi inabanduka inatoa unga mweupe.

Fundi kaja kaangalia kama dakika tano hivi, kasema kona imezama, msingi umechoka. Anataka achimbe mtaro kuzunguka nyumba yote futi nne kwenda chini, asuke nondo za milimita 12, amwage zege la kukumbatia msingi wa zamani. Milioni 4 na laki 6 ya ufundi, vifaa juu yangu. Mama ameshakubali, tena kashamtengea na siku ya kuanza. Mtoa hela ni mimi na roho inakataa, ila sijui chochote kuhusu ujenzi. Nimruhusu au?

---

Saruji Nusu Mfuko

Milioni nne na sita kwa dakika tano za kuangalia, hiyo ni kama laki tisa na ishirini kwa dakika. Muulize kama anachukua wanafunzi.

---

mtoto wa mjini halisi

Uza. Nyumba ikishapasuka msingi hakunaga dawa, utatia hela mpaka uchoke. Paka rangi, weka pazia, mtafute mtu wa haraka.

---

Pima Maji

Dada Kitasa pole. Mtoto wa mjini hapo juu mpuuze, ushauri wake unakupeleka mahakamani.

Mimi nilikuwa forimani wa saiti miaka mingi kabla magoti hayajagoma, na Kibaha nimefanya kazi. Kabla ya yote mwambie fundi aweke sururu chini kwanza. Kuna kitu kimoja umekiandika kama kwa bahati tu lakini ndo habari yenyewe, kwamba ufa ni mwembamba juu na mpana chini.

Chukua muhogo mbichi mrefu, shika katikati halafu ncha moja uishushe kwa nguvu. Utapasukia upande wa juu. Sasa chukua mwingine, ncha hiyohiyo uinyanyue. Utapasukia chini. Ukuta ni hivyohivyo. Kona ikizama, ufa unakuwa mpana juu na mwembamba chini. Wa kwako umefunguka chini, kwa hiyo mi nasema kona yako haijazama, imenyanyuka. Na kama imenyanyuka, hizo nondo na zege la kukumbatia zinaenda kutibu ugonjwa ambao nyumba haina.

Utasema nyumba nzito hivyo inanyanyuliwa na nini. Na udongo. Kuna maeneo ya Kibaha yana mfinyanzi ule unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka, hii sio hadithi ya vijiweni, wataalamu walishafanya utafiti hukohuko Kibaha kwenye majengo yaliyopasuka kwa ajili ya udongo huo. Nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa ni nyepesi kwa udongo ule, unaiinua kama mtu anavyoinua shuka akiwa amelala. Na mlango wa mama ndo shahidi wako: mwezi wa nne unakwama, wa tisa unalegea. Msingi uliochoka haufuati kalenda ya mvua dada yangu.

Naomba ufanye vitu vitatu, vyote havifiki elfu ishirini.

Kwanza funga kila bomba la maji ndani na nje, hakikisha na tanki la choo limejaa limenyamaza, halafu nenda kwenye mita ukaichungulie dakika kumi. Ikizunguka, kuna maji yanaenda mahali usipopaona.

Pili nunua mpira mweupe unaoonyesha ndani, ule wa levo, mita 20 au zaidi, ujaze maji, toa mapovu yote. Mtu mmoja ashike ncha moja kwenye kona nzuri, we shika ncha nyingine kwenye kona ya bafu, muangalie ule mstari wa tofali uliokaa juu ya mkanda. Fundi aliyejenga aliuweka sawa kuzunguka nyumba yote (kama hakuwa mlevi). Pima kila kona toka usawa wa maji mpaka mstari huo, andika.

Tatu, chukua kipande chembamba cha kioo, kibandike kwa saruji kivuke ufa, na pembeni uandike tarehe kwa penseli. Vilevile weka alama pale ufa unapoishia. Kioo kikikatika ujue bado unatembea.

Lete majibu. Na usizibe chochote kwa sasa, ukiziba unajifunga macho.

---

Mzee wa Nondo

Pima Maji nakuheshimu lakini usiwatishe watu kuhusu kuongeza msingi kwa chini, ni kazi halali na nimeifanya. Kuna nyumba zimejengwa juu ya kifusi, kona imezama kweli, bila kuishika chini haiponi.

---

Pima Maji

Mzee wa Nondo sijapinga. Kona iliyozama kweli inashikwa. Ila na wewe unajua inavyofanywa: unachimba kipande cha kama mita moja, unashuka mpaka udongo mgumu, unamwaga zege, unaacha kanafasi kidogo juu, likishakomaa unashindilia saruji kavu kavu mpaka lipokee uzito, ndo unaenda kipande kingine, na kile cha jirani unakiruka kwanza. Huchimbi nyumba nzima kwa mpigo. Mtaro wa futi nne kuzunguka nyumba mwezi wa nne, mvua inanyesha, mfinyanzi upo wazi unakunywa tu maji... hapo kona zilizokuwa nzima nazo zinapata mwaliko.

---

Mzee wa Nondo

Hapo nimekuelewa. Nyumba nzima kwa mpigo hapana, hilo ni kaburi.

---

Wa Kitengela

Hamjambo ndugu zetu wa TZ. Huku kwetu Kitengela hii shida tunaijua sana, ni ile black cotton soil (mfinyanzi mweusi), kiangazi inapasuka mpaka mguu wa mtoto unaingia, mvua ikinyesha viatu vinakuwa kilo tano kila kimoja. Mtu akianza kujenga huku anaichimba yote aitoe, futi tatu, nne, saa ingine zaidi, mpaka afike kwa murram ama mawe ndio ajaze hardcore (mawe ya kushindilia). Wengi hulia kuwa pesa imeishia chini na nyumba haijaonekana. Lakini wale walioruka hiyo hatua wanalia baadaye na wanalia zaidi.

Sasa yako imeshajengwa, huwezi toa udongo chini ya nyumba. Kile unaweza ni kuhakikisha huo udongo haulewi leo na kesho kuwa na kiu. Ukae vilevile mwaka mzima. Angalia pia miti, kuna jamaa hapa alipanda mkaratusi karibu na ukuta, ule mti unakunywa maji kushinda shule ya bweni, kona ya huo upande ikashuka.

---

Kitasa Kibovu (20 Aprili)

Wakuu nimerudi. Nimefanya yote, na nina aibu kidogo.

Mita kwanza. Jumamosi asubuhi nimefunga kila kitu, nikawaambia wote asiguse mtu bomba. Nimekaa pale kwenye mita nimeinama kama nasoma gazeti. Namba hazikusogea, nikataka kuondoka, ndo nikaona kale kagurudumu kadogo kenye meno kanazunguka. Taratibu sana, kanasita, kanaenda. Dakika kumi kamezunguka tu. Na mimi bili imekuwa inapanda toka mwaka juzi, nikawa nawalaumu watoto wa dada kwa kuoga mara mbili!

Mpira wa levo tumeshika mimi na mdogo wangu, mara ya kwanza tulikuwa na povu ndani majibu yakawa ya ajabu, kona moja ikasema ipo juu sentimita nane, tukacheka tukaanza upya. Mara ya pili na ya tatu majibu yalilingana: kona mbili za mbele sawasawa kasoro milimita tatu hivi, kona ya nyuma upande wa jiko chini kidogo milimita nne, na kona ya bafu ipo juu milimita 18. Nimepima mara tatu maana sikuamini. Fundi kasema imezama!!

Kioo nimebandika vipande viwili.

Nimemwambia fundi asubiri, kanuna. Mama naye kanuna. Sasa nifanye nini, na je hayo maji yanatoka wapi?

---

Saruji Nusu Mfuko

Milimita 18 juu halafu unataka kuisukuma na zege toka chini. Ingefika mbinguni.

---

Pima Maji

Safi sana dada, umefanya kazi ya mtu aliyesomea. Na usione aibu, povu kwenye mpira hata mafundi wenye vyeti linawakumba.

Sasa mita inaonyesha kuna bomba la maji safi linavuja, na kona iliyonyanyuka ni ya bafu. Sitaki kuapa ila ningeanza kutafuta hapo. Bomba linaloingia bafuni mara nyingi linapita chini ya jamvi au pembeni ya msingi, na zile zamani wengi walifunga jointi wakafukia bila kupima presha. Ukuta ukinyanyuka kidogo jointi inavutwa, inavuja zaidi, udongo unavimba zaidi, ukuta unanyanyuka tena. Vinalishana.

Usimruhusu mtu avunje sakafu ovyo kutafuta. Fundi bomba akate lile bomba nje kabla halijaingia ndani, alizibe, mtazame mita. Ikisimama, uvujaji upo ndani ya hapo. Halafu badala ya kulifukua la zamani, pitisha jipya juu ukutani, lionekane. Halipendezi lakini likivuja utaliona siku hiyohiyo, sio baada ya miaka miwili.

Angalia na maji machafu pia, mita haiwezi kukwambia hayo. Fungua chemba ya bafuni, mwaga ndoo mbili ukiwa umesimama pale, uone kama yanayofika ni yale uliyomwaga au nusu yameishia njiani. Na shimo la maji taka lipo umbali gani na nyumba? Kwenye mfinyanzi lile shimo la kunyonya halinyonyi kitu, linakaa na maji yake kama mtungi na kulowesha kila kilicho karibu. Likiwa mita mbili tatu na ukuta, mi ningelihamisha siku hela ikipatikana.

---

Kitasa Kibovu

Shimo liko mbali, kama mita tisa, mzee alikuwa mkali kwa hilo. Chemba nimefungua, ipo sawa ila imejaa mende.

---

mwanapwani_77

Salama jamani. Mie Unguja, nyumba zetu za mawe na chokaa ni habari nyengine lakini nataka kusema kuhusu ule unga mweupe wa bafuni kwa dada.

Ile ni chumvi. Maji yanapanda ukutani kutoka chini, yanachukua chumvi za kwenye udongo na kwenye tofali zenyewe, yakifika juu yanakauka, chumvi inabaki inasukuma rangi. Watu wengi wakiona hivyo wanapaka rangi ya mafuta ndo isipenye. Makosa hayo. Unaufunga mdomo ukuta, maji hayana pa kutokea, yanapanda juu zaidi, mwakani unayaona usawa wa kiuno. Huku Mji Mkongwe tumeona kuta zilizosimama miaka mia na zaidi zinaanza kuoza baada ya mtu kuja na plasta ya saruji ngumu juu ya chokaa, kwa sababu chokaa inapumua na saruji inaziba.

Kwa hiyo we tibu maji kwanza, halafu kwangua ile lipu iliyooza, wacha ukuta wazi ukauke, miezi si siku, uwe unapiga brashi kavu kutoa unga kila ukitoka. Usiuoshe kwa maji, unairudisha chumvi ndani. Ndo upige lipu mpya na rangi ya maji.

---

Bi Hidaya wa Tumbi

Naomba kuuliza na mie niko jirani hapohapo, yangu haijapasuka bado lakini nimeshtuka. Mume wangu anasema tumwage oili chafu kuzunguka msingi itazuia maji na mchwa. Ni kweli?

---

Pima Maji

Bi Hidaya, oili chafu isipokuwa kwenye nguzo za uzio usiimwage popote. Haizuii maji kupita, inanuka, na ikishuka itakwenda kwenye kisima cha mtu. Mchwa una dawa zake na anayejua kuzipiga.

Ila swali lako ni zuri kuliko la Kitasa maana wewe unauliza kabla. Msingi hautunzwi kwa kuugusa, unautunza kwa kupanga maji yaende wapi. Nyumba nyingi za kwetu paa limemaliza mamilioni na halina gata hata mita moja, maji yote ya paa yanadondoka sentimita thelathini toka ukutani, yanachimba mfereji wake, unaona tofali za msingi zimeanza kutoka nje kama ufizi wa mzee. Ukiona hivyo fukia kwanza, kwa udongo wa kushindilia kidogo kidogo, usijaze mchanga. Mchanga pembeni ya mfinyanzi ni bakuli, maji yanaingia yanakaa.

Kisha weka gata, na bomba la kushusha liishie mbali, sio liishie kwenye kona. Nimeona nyumba ina gata nzuri ya bei, bomba la kushusha limeishia sentimita kumi juu ya ardhi palepale kwenye kona ya msingi. Yaani wamekusanya maji ya paa zima wakayamwaga sehemu moja. Bora wangeacha bila. Yapeleke kwenye tanki au mtaro, mita mbili na kuendelea.

Halafu sakafia kuzunguka nyumba. Watu wanaweka kakibaraza ka futi moja na nusu kama urembo, kwa udongo wenu weka mita moja na nusu, na iwe na mteremko unaoonekana, kila mita ishuke kama sentimita tano. Chini ushindilie moramu. Na isishikane na ukuta! Acha nafasi ndogo kati yake na ukuta uijaze lami, kwa sababu hiyo sakafu itacheza na udongo, ikishikana na ukuta inauvuta. Kila mwaka kabla ya vuli pita na uiangalie, palipofunguka ujaze tena. Hiyo ndo kazi ya matunzo yenyewe, nusu siku kwa mwaka, na hakuna anayeifanya.

Na maua. Jamani maua. Bustani ukutani, mtu anamwagilia asubuhi na jioni kiangazi kizima upande mmoja wa nyumba, upande wa pili pakavu. Udongo wa mbele umevimba wa nyuma umenywea, nyumba katikati inavunjwa kama muhogo wetu ule.

---

Kitasa Kibovu

Pima Maji umemuona mama yangu wapi? Ana waridi na zile za majani mekundu mstari mzima ukuta wa mbele na anamwagilia na mpira. Nimemsomea hiyo posti. Kasema "huyo anayekwambia hana mke".

Na kuna mwarobaini aliopanda mzee, mita tatu toka kona ya jiko, ile iliyo chini milimita nne. Umekuwa mkubwa umepita paa. Niukate?

---

Wa Kitengela

😂😂 pole kwa Pima Maji

---

Pima Maji

Mke ninaye, na maua yake yapo kwenye matairi katikati ya uwanja. Msalimie mama, mwambie ayahamishe tu, sijasema ayang'oe.

Mwarobaini usiukate wote kwa mara moja. Umekuwa unanyonya maji kona ile miaka yote, udongo umezoea kukauka. Ukiuangusha ghafla, maji uliyokuwa unakunywa yanabaki kwenye udongo na kona inaanza kunyanyuka nayo. Milimita nne ni kidogo, hata fundi wa 2008 angeweza kuziacha. Punguza matawi kila mwaka kabla ya kiangazi ili unywe kidogo, uendelee kupima. Mti mpya ndo upande mbali, umbali wa kama urefu utakaofikia ukishakua.

Na kama ufa ukipita milimita tano na bado unaongezeka, au ukining'iniza timazi ukaona ukuta umelala, hapo usitusikilize sisi wa mtandaoni. Tafuta injinia, na ukague kama yupo kwenye orodha ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, maana siku hizi kila mwenye kofia ya njano ni injinia.

---

Kitasa Kibovu (2 Juni)

Mrejesho kwa mliofuatilia.

Fundi bomba alikata bomba nje ya bafu, mita ikasimama palepale. Tukapitisha jipya ukutani. Tulipotoa tofali moja la sakafu kwenye kona kuangalia, udongo chini ulikuwa kama ugali wa moto, kidole kinazama chote, na huo ni upande ambao mvua haifiki. Jumla pamoja na vifaa laki moja na themanini na tano elfu.

Kioo kimoja kilikatika wiki ya kwanza ya mwezi wa tano, kipya nilichoweka mwezi huohuo mwishoni bado kizima. Ufa ulikuwa milimita 6, sasa 5 na kidogo. Gata tumeweka upande wa nyuma tu kwanza.

Fundi wa zege nilimlipa elfu thelathini ya usumbufu. Kasema tutamtafuta wenyewe.

---

Mzee wa Nondo

Vizuri. Usizibe bado.

---

Kitasa Kibovu (19 Septemba)

Nimepima tena na mpira leo. Kona ya bafu imeshuka, ipo juu milimita 11. Ufa milimita 3, kioo kizima. Mlango wa mama unafunga, haujalegea sana kama mwaka jana ila bado una kamchezo. Unga mweupe umepungua, nimekwangua lipu kama mwanapwani alivyosema, bafu linatisha.

Maua yamehama, nusu. Waridi limegoma, mama anasema likihamishwa litakufa, tumekubaliana alimwagilie na kopo badala ya mpira.

Swali langu la mwisho: naziba lini?

---

Pima Maji

Habari njema sana hiyo. Udongo wa chini ya nyumba unakauka taratibu, usiuharakishe. Subiri vuli ipite na masika ipite, uone na mvua ufa unafanya nini wakati hakuna uvujaji. Ukicheza ndani ya milimita moja mbili tu, mwakani mwezi wa saba utanue kwa patasi, toa vumbi lote, loweka, ujaze kwa saruji iliyochanganywa na chokaa isiwe ngumu kuliko tofali, na kila baada ya mistari mitatu minne laza nondo nyembamba ya milimita 6 ndani ya jointi, ivuke ufa nusu mita kila upande. Juu yake wavu wa kuku halafu lipu. Ukiziba sasa kona ikiendelea kushuka unapata ufa mwingine pembeni.

---

Kitasa Kibovu

Mwakani mwezi wa saba?? Wageni wa mahari ya mdogo wangu wanakuja mwezi wa kumi na moja, mama ameapa hawataona ukuta wa namna hii.

---

mwanapwani_77

Wakae ukumbini wanywe chai, chumbani kwa mama wakwe wanaendea nini?

---

Saruji Nusu Mfuko

Kabati la nguo lisogezwe pale. Ila liwe sentimita kumi toka ukutani, lisibane kioo.